Mapadre ba Gero

Münster, 4 Julai 1961

Mudogo wangu Léonie,

Jambo sana. Uko muzima? Na Mulenga, bwana yako? Mi niko muzima huku Ujerumani, baridi tu.

Professeur alinipa kazi juu ya baaskofu ba zamani ba Halberstadt. Mwaka wa 1160 balimuondoa askofu Ulrich, juu alimufuata Papa, akamukatalia Kaisari. Bakaweka Gero pa nafasi yake. Gero akabariki batu kuwa mapadre myaka mingi. Kisha Ulrich akarudishwa, akasema kila kitu cha Gero iko bure. Mapadre bale habakuwa tena mapadre. Asubuyi ile balifanya nini? Bitabu habisemi.

Yaya yako,
Paulin

Elisabethville, 20 Oktoba 1961

Yaya Paulin, kaka yangu,

Jambo. Barua yako ilinikuta mu kambi ya ONU, ya Umoja wa Mataifa. Tulitoka mu mutaa yetu ya Makomeno, batu ba Kasai bote ba avenue yetu. Vijana ba Katanga balipita nyumba kwa nyumba: "Murudi kwenu!" Na mi nilizaliwa hapa.

Mulenga alibakia, iko mutu wa hapa. Alikuja mara moja, akasimama inje ya kambi.

"Bandugu yangu banasema ndoa yetu iko bure."

"Na weye, unasema nini?"

Akaacha blanketi, akaenda.

Silii. Ninapika, ninalala. Labda mapadre bako nabo balifanya vile.

Mudogo wako,
Léonie

Münster, 12 Desemba 1961

Mudogo,

Pole sana. Nilikuwa mu kanisa siku ya ndoa yenu. Bandugu yake habawezi kuivunja. Nimemuandikia Mulenga vile. Radio inasema tena vita kwenu. Unijibu mbio.

Yaya yako

Münster, 3 Machi 1962

Mudogo,

Bado sijapata kitu. Kazi yangu iliisha, professeur anasema iko muzuri. Niandikie hata neno moja.

Yaya yako

Bakwanga, 9 Julai 1962

Yaya,

Jambo. Niko muzima. Train ilituleta Kasai mwezi wa tano. Tshiluba yangu, luga ya huku, inachekesha batoto.

Siku ya kutoka Elisabethville, ku gare ya train, Mulenga alikuja na valise ya manguo yake. Nikamuambia, "Kule batakufanya vile balitufanya huku." Akapanda.

Hapa banamuita Mukatanga, kazi hapati. Mi ninauza mikate. Sina furaha, sina hasira.

Jana jirani alimuuliza, "Weye uko nani hapa?"

Akasema, "Mi niko bwana ya Léonie."

Nilikuwa nyuma ya mulango. Nilisikia. Nikaendelea kukanda unga.

Mudogo wako,
Léonie