Mlima Uliomtaja Baba Mkubwa

Nawaanza nyinyi wasomaji, maana wenye kosa la kwanza hupenda kukaa viti vya nyuma. Mnanunua karatasi ya kumcheka mwenzenu, mnaipitisha kilabuni mpaka inalowa pombe, kisha mnatikisa vichwa mnasema, "Kijana aliyechora hana adabu." Na wewe uliyecheka unayo? Kaeni kimya msome. Majina nimeyabadilisha mwenyewe na kijiji nimekihamisha. Nimeandika Mpepai kwa sababu nilipenda tu, kwa hiyo asipande mtu mlimani kwenda kutafuta shamba la nani. Kijana huyu aliyeniletea barua gazetini amefika kidato cha nne lakini hakufundishwa mahali pa kupumua. Mimi Bibi Domitila wa darasa la tatu nimemwekea nukta pale niliposhindwa kabisa.

*

Mpendwa Bibi Domitila, shikamoo. Naomba msaada wako maana nimebanwa pande zote na Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku yangu ya kuhukumiwa. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, ni mchora katuni, na sichori kwa ajili ya gazeti la mtu, nachora kitabu changu mwenyewe, nakwangua picha kwenye stensili, ile karatasi ya nta, kwa msumari niliounoa, nazungusha mashine ya kurudufu ya parokia siku Padri anaponiruhusu, nabana pini, na rafiki yangu Blasius anaviuza vitabu stendi ya Mbinga na siku nyingine anashuka navyo hadi Mbamba Bay.

Watu huniuliza nilijifunza wapi nami huwaambia nilijifunza kanisani, wanadhani natania, lakini nilipokuwa mdogo mama alikuwa akiniketisha chini ya Njia ya Msalaba, zile picha kumi na nne za ukutani, nikaona kwamba mtu huyohuyo picha hii ameanguka na picha inayofuata ameinuka, na katikati hakuna aliyechora anavyoinuka, ila mimi nilimwona akiinuka, na tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa jambo hilo, kila kitu nakiona kimegawanyika vyumba vyumba, kila chumba na picha yake. Nilipokua nikaongeza vya ziwani, maana shangazi yangu ameozesha binti Lipingo, na nikienda kuwasalimia nakaa pale wanapoanika usipa, wale dagaa wao, nawasikiliza Wanyasa wanavyotaniana, narudi mlimani kichwa kimejaa. Gazeti moja la Dar es Salaam liliniita, wakataka nichore wanawake wenye makalio na walevi wa mjini ambao siwajui, nikakataa, nikasema nitachora ninachokijua. Na ninachokijua ndicho kimeniponza.

Kwetu tuna sengu, kama ujuavyo, ukoo mzima tunakula pamoja nyumbani kwa babu, mwenye kosa anasemwa palepale chakula kikiwa katikati, na likiisha limeisha, halitoki nje. Mwaka juzi shangazi Vitalia, ambaye ni mjane, alishuka Lipingo kumuuguza huyo binti yake aliyejifungua kwa shida, akamwachia kaka yake, yaani baba mkubwa Ignatio, mibuni yake aiangalie. Ndio ulikuwa mwaka ambao magari ya wanunuzi binafsi yalianza kupanda mpaka milangoni na kununua chochote kilichoitwa kahawa, basi baba mkubwa akaingiwa na tamaa, akaikwanyua mibuni ya shangazi yote, kijani na nyekundu pamoja, matawi yakavunjika, na mwaka uliofuata haikutoa hata ua. Sengu ikakaa, akakiri. Ikaamuliwa kwamba misimu miwili atamlimia shangazi ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, tena si kufyeka na kupanga majani ambayo ni kazi ya wanaume, bali kuchimba mashimo yenyewe na kuyafukia majani kwa udongo, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake. Akakubali, msimu wa kwanza akachimba. Nami nilikuwa nimekaa pale siku ya hukumu, Bibi, chakula mbele yangu, na badala ya kusikitika nikawa naona vyumba.

Nikachora. Nikamwita Mzee Kokwa, nikampa kitambi ambacho baba mkubwa hana, nikamnyoa masharubu, nikamfanya mvuvi aliyehamia mlimani, nikaamini hakuna atakayemjua. Lakini nyuma yake nilihitaji mlima, nikachora ule ninaouona kila asubuhi nikifungua mlango, na jiwe lake jeusi katikati ya shamba, na ngoro zinavyolikwepa jiwe zikapinda kwenda juu, shimo kwa shimo. Sikufikiria. Kwangu ulikuwa mlima tu.

Blasius anasema kitabu cha kwanza kabisa alikichukua mama mmoja muuza ndizi, wala hakumtazama mzee, akasema, "Hili si shamba la Vitalia?"

Mwenzake akasogea. "Ni lenyewe. Basi huyu anayechimba ni Ignatio."

"Ignatio anachimba ngoro?"

"Si huyo hapo, na kanga kiunoni."

"Amefanya nini?"

"Wanaume hawachimbi bure, mwenzangu. Nunua na wewe, hiki changu siazimi."

Vikaisha vyote, sijawahi kuuza namna ile, na baba mkubwa akipita karibu na kilabu vijana wanamwamkia, "Shikamoo Mzee Kokwa, mashimo hayajambo?" Ameacha kwenda kwenye lile shamba, ngoro za msimu wa pili zimebaki nusu, hata kanisani haonekani. Siku moja alinikuta uani nikikausha karatasi. Akasimama, hakuketi nilipompa kigoda.

"Ulikuwa unakula chakula chetu huku unanichora?"

"Baba mkubwa, si wewe yule, ni mvuvi."

"Na jiwe lile ni la ziwani?"

Akauangalia mkono wangu, akasema, "Mkono mmoja haufanyi kazi mbili. Ule nasi au uchore."

Akalipeleka shauri kwa babu. Sasa imeamriwa kwamba Jumatatu ya Pasaka nije sengu na stensili zote, pamoja na sehemu ya pili ya Mzee Kokwa ambayo nimekwisha kuikwangua na wasomaji wanaisubiri, na michoro yangu yote tangu nikiwa shule, nivichome mbele ya ukoo na niape kwamba sitachora tena. Nikikataa sitakula nao tena na shamba nililopewa litarudi. Blasius ananiambia nisichome hata kipande, nipande basi la Songea nikaanze upya. Mama analia tu. Shangazi Vitalia hajasema neno, siku ile amri inatolewa yeye ndiye aliyekuwa akigawa ugali. Bibi, nikichoma nimekufa, nisipochoma nimekufa. Nichome au niondoke?

Mimi mchora katuni, Mpepai.

*

Marahaba, mjukuu wangu. Hujafa. Waliokufa hawaandiki kurasa nane.

Uliniwekea na kitabu chako ndani ya bahasha. Maneno mimi nayasoma kwa kidole, lakini picha nilizimaliza kabla chai haijapoa. Nilicheka, tena pale mzee anapochungulia kushoto na kulia kabla ya kujifunga kanga ya mkewe nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Una mkono. Sikusifu ili ufurahi. Nakwambia kwa sababu asiye na mkono ningemwambia achome tu yaishe, tusipoteze karatasi ya gazeti.

Nianze na wakubwa. Ignatio, najua utasomewa hii. Kukasirika una haki, kuchomesha huna. Ulimaliza mibuni ya dada yako, sasa unataka na kazi ya mtoto wa mdogo wako. Adhabu uliyopewa hukupewa kwa sharti kwamba watu wasikuone. Umechekwa na walevi, ukaweka jembe chini, ukaanza kujiita uliyeonewa. Mzee mzima unashindwa na vijana wa kilabuni? Kilabu kinafungwa, shamba halifungwi.

Sasa wewe. "Ulikuwa mlima tu." Niambie, huku kwetu mlima tu uko wapi? Mtoto wa Kimatengo, unaweza kupita njiani ukasema shamba hili la mama fulani, huyu hupanga majani mafupi, yule ngoro zake hulala upande, halafu unachora shamba la mtu shimo kwa shimo na unaniambia ni pambo? Ungemwacha na masharubu yake ukambunia mlima, watu wangebishana mpaka leo. Umesumbuka na kitambi na kunyoa, ilipofika kwenye mlima ukachoka, ukachukua kilichokuwa mlangoni. Huo ni uvivu, na uvivu wa mwenye kipaji unaumiza watu kuliko wa mjinga.

Na usinichanganyie kanisa na sengu. Zile picha za ukutani zimetundikwa ili kila aingiaye azitazame. Sengu haikutundikwa. Baba mkubwa wako alikiri mbele yenu kwa sababu aliamini waliokaa pale wamekuja kula. Siku nyingine mwenye kosa atakiri vipi akijua kuna mmoja ameshika kitonge na kichwani anagawa vyumba? Ukoo wote utakaa kimya, mtakula ugali na mboga na uongo. Hilo ndilo babu yako analoliogopa, hajui tu kulisema, akaona aseme moto.

Lakini yote hayo nayaweza kuyavumilia. Kuna moja siliwezi.

Aliyeibiwa ni nani katika habari hii? Nimerudi kwenye barua yako, nikarudi kwenye kitabu, namtafuta Vitalia. Kwenye barua anashuka Lipingo na anagawa ugali. Kwenye kitabu yuko vyumba vinne, vitatu umemchora mgongo, na hicho kimoja cha uso umemtoa kamasi ili watu wacheke. Mjane alirudi kutoka kuuguza akakuta matawi chini, na wewe uliyejifunza kwa kumtazama mtu anayeanguka, kilichokujia mkononi ni kamasi. Unaniuliza habari za mkono wako, stensili zako, shamba lako, wasomaji wako. Hukuniuliza nani anachimba ngoro za shangazi yako tangu Ignatio alipoacha.

Mimi nakujibu ambalo hukuuliza. Hakuna, wewe mwenyewe umeandika zimebaki nusu. Majani yamepangwa yamelala pale bila udongo, mvua ziko ukingoni mwa kukatika, na maharage hayapandwi juu ya majani matupu. Mibuni yake haizai, sasa na maharage hana. Ameibiwa mara ya pili, na mara hii si Ignatio. Ni wewe na kitabu chako. Ndiyo maana hasemi neno. Ungekuwa yeye ungesema nini, na kwa nani, wakati nyumba nzima imekaa kubishana kuhusu karatasi?

Kwa hiyo usichome, na usipande basi. Huyo Blasius mwambie bibi mmoja amesema anayeuza vitabu asiuze na rafiki yake. Songea utafika na mkono huohuo na uvivu huohuo, utachora jirani wa kwanza atakayekupa chumba.

Sehemu ya pili haitoki. Iviringishe, umpelekee shangazi mkononi mwake, ni yake kuliko ilivyo yako. Akitaka aihifadhi, akitaka aifungie chumvi, usimuulize tena. Ukoo ukikudai kiapo, apa hiki: kwamba kilichosemwa penye chakula hutakichora, wala mtu, wala shamba lake. Wakidai na michoro ya shule, waambie Bibi Domitila amekataa, wanitafute.

Wasomaji wako watapiga kelele. Wape kingine. Ziwani kule waulize Wanyasa, "Nani nimchore?" watakupangia foleni na kugombania nafasi, utazeeka hujawamaliza. Au mchore kijana mmoja aliyeketi na ndugu zake, mwenzao anahukumiwa, yeye anatafuta kalamu mfukoni. Hicho nacho ni kichekesho, tena hakina wa kukuburuza kwa babu.

Ila kabla ya karatasi nyingine yoyote, kesho chukua jembe lako, si la mama yako, uende kwa Vitalia mchana kweupe, watu wakienda sokoni. Anza pale mashimo ya Ignatio yalipoishia. Inama, chimba, fukia majani, upande hadi upande, mpaka shamba liishe. Watakaocheka utawasikia; usigeuke. Ignatio akitokea na jembe lake mpishe nafasi, msiongee, chimbeni. Akina mama wakikuonyesha unavyokosea, fuata wanavyosema. Siku ya sengu ingia na shamba limekwisha, umwombe radhi shangazi kwanza, ndipo baba mkubwa, ndipo babu, na mpango huo usiugeuze kwa kuwa mwanamume anakuangalia vibaya.

Mvua haikusubiri wewe upate wazo. Weka kalamu chini sasa hivi, ukanoe jembe.