Ng'ombe wa Kijani

Kemi mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na migomba imepona mnyauko, tumeshusha pumzi.

Unauliza kama programu yako ya kupasha moto skrini ya kupimia macho iwaruhusu watafiti kuanza vipimo bila kusubiri skrini ipate moto, maana wananung'unika.

Nilipokuwa fundi luninga Omurushaka, mfugaji mmoja wa Kituntu alifuata luninga yake niliyomtengenezea. Nikaiwasha; wakatokea ng'ombe, rangi yao kijani. "Ng'ombe wa kijani umewaona wapi, fundi? Umeiba vipuri vyangu!" akafoka mbele ya wateja. Mimi, niliyejenga kibanda kile bila msaada wa mtu! Hadi leo inaniuma. Neno hilo lingeenea, ningefunga. Lakini rangi sikuzigusa; ukizirekebisha luninga ikiwa baridi, ikipata moto zinapotoka. Nikampa kahawa ya kutafuna. "Tafuna, mzee, bado inapata moto." Akakaa. Alipotema maganda, ng'ombe walikuwa wekundu. "Hao sasa ni ng'ombe!" akacheka.

Kwa hiyo usiwaruhusu kuruka, Kemi. Ila skrini iwaambie inapata moto, na dakika zilizobaki. Yule mzee alinitukana kabla sijamwambia anasubiri nini.

Wasalimie wanung'unikaji wako.

Babu