Siku Bibi Bhoke Alipokosekana Mgodini

Nkende, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, alizeti imeshaingia ndani na paa la jikoni limeezekwa kabla mvua haijawawahi. Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia bado, ndiyo maana nimeshika kalamu kabla ya kwenda zamu.

Nilikueleza kwamba mgodini wamenihamisha, sasa kazi yangu ni kutembeza wageni. Juma lililopita nilipokea wazee wakulima kutoka Nyansurura, kule Serengeti, waliokuja kuona dhahabu inavyotolewa. Walishuka kwenye basi dogo la Koasta wamevaa nguo zao za kanisani. Ungewapenda, Mama. Mmoja wao, Mzee Mwita, aligusa tairi la lori letu, refu kuliko yeye, akaniuliza, "Mura, kijana wangu, hili likipata pancha mnalivuta na ng'ombe wangapi?" Tulicheka sana.

Mchana tukawapandisha kilimani, mahali salama pa kutazamia mwamba ukilipuliwa, tukawaketisha kwenye viti. King'ora cha kwanza kikalia. Nikawahesabu: ishirini na mmoja. Asubuhi walikuwa ishirini na wawili. Nikarudia, ikawa ile ile. Kiti cha Bibi Bhoke, mama mpole ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, kilikuwa kitupu. Kofia ngumu tuliyompa ilikuwa juu yake.

Nikauliza huku na huku. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Nikashika redio. "Subirini, msilipue! Mgeni mmoja haonekani."

Msimamizi wangu, aliyekuwa nasi pale, akanidaka mkono kabla sijajibiwa. "Una hakika? Labda amelala kwenye gari. Ukisimamisha kazi ya watu wote bure, kesho usije."

Mama, hakika sikuwa nayo. Niliwaza nilivyohangaika mpaka kuipata kazi hii. Halafu nikaitazama tena ile kofia, nikabonyeza redio. "Msilipue. Kuna mtu huko chini."

Sauti ikajibu redioni, "Tumesimama."

Tulishuka mbio. Mzee Mwita alikataa kubaki, akatufuata na fimbo yake akiita, "Bhoke! Bhoke we!" Tulimkuta upande wa chini wa barabara, ameshavuka utepe wa hatari, nyuma ya lundo la mawe, anajifunga vizuri khanga yake. Alikuwa amekwenda kujisaidia.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

Akainamisha macho. "Ningekuambiaje, mwanangu? Wewe ni sawa na mjukuu wangu. Na wote mnaotuongoza ni wanaume." King'ora alikisikia, akadhani ni cha kuwaita watu kula. Kisha akaniuliza taratibu, "Nimewaharibia kazi?"

Niliketi juu ya jiwe nikalia mbele yao wote. Bibi Bhoke akaja akanishika bega, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Nimepewa barua ya onyo kwa kutowahesabu mpaka king'ora kilipolia. Ni haki yangu, sibishi. Msimamizi hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaja akasimama mlangoni, akasema, "Ziara ijayo atakuwepo dada wa kuwaangalia akina mama. Na wakishuka tu kwenye gari, waonyesheni choo kwanza." Akaondoka. Hivyo ndivyo alivyoniomba radhi, nami nimepokea.

Tangu siku ile nakuwaza wewe. Mdogo wangu Neema ameniandikia kwamba siku hizi unatembea kwa kushika ukuta, na kwamba umemkataza kunieleza. Usimgombeze. Barua zako zote zinasema hujambo. Mama, mimi ni mtoto wako, usinionee haya. Kama ni goti, sema ni goti. Kama ni zaidi, sema, nitaomba ruhusa nije.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, shangazi msuka mikeka, na Neema. Jibu la barua hii nalitaka kutoka kwako mwenyewe, hata kama ni mistari miwili.

Mwanao akupendaye,
Elia