Kompa Si Kuomba

Manga, 2 Machi 2025

Baba Mose mpenzi,
Ile homa ya huko Haiti imekuachilia? Sisi tuko wazima. Mose ameota jino, ananiuma halafu anacheka.
Nyimbo ulizotuma kwa simu zimetuingia! Hata mama yako ananiambia, "Weka ile ya kuomba." Asubuhi ya Sabato anafunga macho, anayumba na gitaa, eti watu wa huko wanamwombea mwanawe. Mimi nilimwambia ni kompa. Ni muziki gani hasa?
Mama Mose

Port-au-Prince, 9 Machi 2025

Mama Mose,
Homa imeisha. Nimecheka mpaka askari wenzangu tuliotumwa huku kulinda amani wakadhani nimepewa likizo. Kompa ni ya kucheza, wewe! Mtu na mpenzi wake, kifua kwa kifua. Ile zouk tuliyocheza kwa harusi ya Beverlyne ilizaliwa na hii. Na gitaa utadhani ni rumba ya Kongo. Kinyozi wetu hapa anasema, "Ngoma zilikuja na babu zetu kutoka kwenu. Mmezifuata?" Mama usimwambie.
Baba Mose

Port-au-Prince, 30 Machi 2025

Mama Mose,
Natumaini mtoto hajambo. Mzee Obadiah wa kanisa amenipigia. Ameona video ya kompa, watu wameshikana, na Mama ameshawafundisha akina mama wa Dorkasi, kile chama chao cha kanisani, kuyumba nayo! Mama analia, anasema ulimdanganya. Futa hizo nyimbo. Sabato ijayo uombe msamaha mbele ya kanisa. Ukikataa, rudi kwenu Nyamache mpaka nije.
Baba Mose

Manga, 20 Aprili 2025

Baba Mose,
U mzima? Sisi wazima. Ulipopiga sikushika, maana kwa simu ungenikatiza.
Nilisimama kanisani, Mose mgongoni. Mzee Obadiah akasema, "Haya, ungama." Nikasema sijadanganya mtu. Nilisema kompa, masikio yakasikia kuomba. Na hao mnaosema nyimbo zao ni za shetani, ndio mume wangu anaamka kuwalinda. Kama hawafai hata kusikilizwa, mbona mlimwombea aende? Mzee akapekua Biblia kama mtu ameangusha sindano ndani.
Mama amenuna. Chai yangu anakunywa, salamu yangu hataki. Jana nilipoweka kompa alisema nipunguze sauti. Sikupunguza, na hakutoka.
Nyamache siendi. Nimezalia hapa, majani chai nachuma hapa. Nyimbo ulizituma wewe, usiniambie mimi nizikane. Ile hatua ya kompa nimejifundisha jikoni, peke yangu.
Ukirudi, vua buti mlangoni. Sitaki unikanyage tukicheza.
Mama Mose, wa hapa Manga