Mchezo wa Shemeji Harub

Dar es Salaam, 20 Februari 1956

Mdogo wangu Mwatumu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Kombo keshaanza chuo cha Kurani na mdogo wake anamfuata nyuma kila aendako. Baba je, kifua chake kimepoa?

Nina habari ya kukufurahisha. Chama cha muziki cha shemejiyo Harub kinatayarisha mchezo mkubwa wa Idi. Si taarabu ya kukaa kitako na kusikiliza. Watu watapanda jukwaani, mmoja amevaa kama bwana harusi, mwingine kama kadhi, mwingine kama muuza samaki, na maneno yao yote watayaimba, fidla na udi nyuma yao. Harub mwenyewe ndiye aliyeutunga. Kutakuwa na alasiri moja ya wanawake peke yetu. Njoo tukae pamoja. Tangu harusi yako ivunjike hujatoka Pangani, hata Tanga mjini huendi. Mwombe baba. Akikataa niandikie, nitamwomba mimi.

Dada yako,
Sabiha


Pangani, 6 Machi 1956

Dada yangu Sabiha,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, nasi tu wazima. Kifua cha baba kimetulia, ila usiku bado anakohoa. Msalimie shemeji, na watoto wabusu.

Dada, baba amekubali. Sikutegemea. Nilimwomba jioni akinywa kahawa. Akaweka kikombe chini, nikadhani kakasirika. Kisha akaniuliza, "Huko wanaimba tu, au wanatia na upuuzi?" Nikamwambia, "Wanaimba hadithi, baba, mwanzo mpaka mwisho." Akasema, "Sijapata kuona jambo hilo. Nenda."

Jirani yetu Bi Mboni atanipeleka Tanga kwa basi, nilale kwa jamaa zake Ngamiani, kisha anipakie melini pamoja na mwanamke anayemjua. Ninachoogopa ni ngazi, kama huo ukumbi wa mchezo unazo. Unaujua mguu wangu. Sitaki watu wageuke kunitazama ninavyopanda. Na mchezo wenyewe unahusu nini? Nina hamu ya kujua, ila usiniambie mwisho wake.

Mdogo wako,
Mwatumu


Dar es Salaam, 2 Aprili 1956

Mdogo wangu,

Nashukuru kusikia nyote hamjambo. Sisi tu wazima ila tumechoka. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Ngazi si nyingi. Tutaingia mapema kabla watu hawajajaa. Mchezo ni mambo ya harusi tu, ya kuchekesha. Mazoezi yanafanyika hapa kwangu, sebule imejaa wanaume, nami niko jikoni nawachemshia kahawa. Harub siku hizi hapokei shauri la mtu. Juzi nilimwambia kuna wimbo mmoja autoe, akasema huo ndio watu watakaoupenda kuliko zote. Basi nikarudi jikoni. Umsalimie baba sana.

Dada yako,
Sabiha


Pangani, 16 Aprili 1956

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Baba anafunga ingawa nimemkataza. Mimi mzima.

Nimepata buibui jipya. Baba kaninunulia bila kumwomba, akaliweka juu ya kitanda changu, akatoka. Kila siku baada ya alfajiri nakwenda kwa Bi Mboni, kwenye nyumba yake ya ghorofa, napanda ngazi na kushuka, napanda na kushuka, mpaka nimepata namna ya kuukanyaga mguu ule ili mtu asione haraka. Bi Mboni ananicheka. Anasema, "Unakwenda kutazama mchezo au kuucheza?" Nami nacheka. Dada, sikumbuki lini nilicheka hivi. Wanawake wote mtaani wanajua nakwenda kumtazama shemeji yangu, na kila mmoja ananiagiza nimkaririe wimbo mmoja.

Mdogo wako,
Mwatumu


Dar es Salaam, 30 Aprili 1956

Mwatumu,

Salamu. Usije. Watoto wote wawili wana surua, na wageni wa Harub wamejaa nyumbani, sina pa kukulaza. Najua umejitayarisha. Mwakani inshallah kutakuwa na mchezo mwingine, mzuri kuliko huu. Mwambie baba asinione vibaya.

Dada yako,
Sabiha


Pangani, 28 Mei 1956

Dada Sabiha,

Shikamoo. Baba hajambo. Watoto wako nao hawajambo, nimewaona kwa macho yangu.

Barua yako ya surua ilinifikia. Nikamwambia baba, "Dada ana wagonjwa wawili na wageni, nani atamsaidia?" Naye akasema, "Nenda, mchezo uwe au usiwe." Ndiyo sababu nilikuja. Sikuja kwa ukaidi, nilikuja na mafuta ya nazi ya kuwapaka watoto na tende za futari ya mwisho, ila meli ilichelewa.

Nilifika kwako siku ya Idi, baada ya adhuhuri. Kombo alikuwa nje akikimbiza gurudumu, kanzu yake mpya imejaa vumbi. Mgeni sikumwona hata mmoja. Jirani yako Bi Saleha alinipokea. Alisema, "Dada yako keshatangulia ukumbini, leo ndiyo siku yetu wanawake. Twende, tutamkuta huko." Nikafurahi, Sabiha. Nilidhani watoto wamepona mapema na barua ya kuniambia imepotea njiani. Mpaka pazia linafunguliwa nilikuwa nakutafuta kwa macho ili nikushike mkono.

Kisha akatoka mwanamume aliyevaa gauni la harusi, na hina ya rangi mikononi, akivuka jukwaa kwa kuchechemea.

Siku ya harusi yangu, kabla ndoa haijafungwa, Zubeiri aliingia uani kwa siri kutaka kumwona mchumba wake mara moja tu. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango wa chumba changu. Alikuwa amekuona wewe sokoni alipokuja kutoka Moa, akadhani wewe ndiye binti Jumbe aliyeposwa. Aliponiona natembea akasema, "Mimi sikuambiwa ni huyu." Nami nikamwambia, "Ngoja nivae viatu, hauonekani sana." Akaondoka. Chumbani tulikuwa watatu. Baba aliwatangazia watu kuwa bwana harusi kafiwa kwao, na Pangani nzima imeamini hivyo mpaka leo. Yale maneno ya viatu hata baba hayajui.

Yule mwanamume aliyaimba. "Ngoja nivae viatu, hauonekani sana." Alikuwa akiinua gauni na kuutoa mguu, bwana harusi akipiga mayowe na kuruka dirisha. Wanawake walicheka mpaka wakapigana mapaja. Wakataka urudiwe, ukarudiwa. Ndipo nikakuona, mbele kabisa, pamoja na wake za wanachama. Ulikuwa unafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. Kibwagizo kilipofika uliimba pamoja nao. Ulijua maneno yote.

Nilimwambia Bi Saleha kichwa kinaniuma. Nililala kwake nyumba ya pili tu kutoka kwako, nikamwomba asikuambie, mpaka meli ilipopatikana.

Sikuulizi kwa nini Harub aliutunga. Nakuuliza wewe.

Mdogo wako,
Mwatumu


Dar es Salaam, 15 Juni 1956

Mwatumu mdogo wangu,

Sijui nianze vipi. Natumai baba hajambo.

Nilimhadithia Harub zamani, usiku mmoja nilipokuwa nakulilia. Nilikuwa nakulilia, Mwatumu, sikuwa nakucheka. Alipotunga mchezo akaikumbuka habari hiyo. Nilimwambia autoe, nawe nilikuandikia hivyo. Hakukubali. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Kukaa pale mbele nikiwa nimenuna, wake za wenzake wangeuliza. Nilicheka kwa sababu wote walicheka. Na hakuna ajuaye kuwa ni wewe. Kwenye mchezo yule ni binti wa mvuvi wa Bagamoyo, na jina lake jingine.

Harub sasa anasifiwa mji mzima. Wamealikwa kuuleta Tanga, Ngamiani, Idi hii ya kuchinja. Yeye anataka tupite Pangani tumsalimie baba na tulale siku mbili. Nakuomba kwa Mungu usimwambie baba kitu. Moyo wake hautaweza. Tukutane, tulie pamoja, yaishe.

Dada yako akupendaye,
Sabiha


Pangani, 8 Julai 1956

Sabiha,

Salamu. Tu wazima.

Wimbo wenu umefika kabla yenu. Walioutoa Dar es Salaam wameufikisha Tanga, na vijana wa kivuko wanauimba wakivusha watu mto kwenda Bweni. Baba aliupata huko. Ijumaa ya juma lililopita alikuwa uani anafua nazi, nami naosha mchele, nikamsikia anaukariri, kibwagizo kile kile, anatabasamu. Akaniita, "Mwatumu, si huu wimbo wa mchezo wa Harub? Mzuri. Mbona hukunikariria?"

Nilikaa chini nikamwambia yote. Alisimamisha kazi. Aliniuliza, "Ulimwambia hivyo kweli, uvae viatu?" Nikamwambia, "Ndiyo, baba." Akauliza, "Na Sabiha alikuwapo?" Nikamwambia, "Alikuwapo, na ndiye aliyemhadithia mumewe." Alifua nazi zote zilizobaki, hata za Bi Mboni ambazo hakuombwa kuzifua.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, alisimama msikitini mbele ya wanaume wenzake akasema, "Zubeiri hakufiwa na mtu. Alimkataa mwanangu kwa ajili ya mguu wake, nami niliwadanganya kwa sababu niliona haya. Huo wimbo mnaouimba ni habari ya huyo mwanangu." Nimeambiwa na mume wa Bi Mboni. Baba mwenyewe hajanitajia. Alirudi nyumbani, akaomba chakula, akala kidogo, akalala na kifua kikambana mpaka asubuhi.

Vijana wa kivuko hawaimbi tena nikipita. Wananyamaza wote kwa pamoja, na hilo nalo nimelizoea.

Umeuliza habari ya kulala. Baba anasema nyumba ni yako na hawezi kukufungia mlango. Harub haji, hilo kasema mwenyewe, na kaniambia nikuandikie hivi hivi alivyosema. Wewe njoo umwone, hana nguvu kama zamani. Nitakupikia, nitakutandikia kitanda, nitakutekea maji ya kuoga kama ninavyomfanyia mgeni yeyote wa baba. Ila usinifuate jikoni, wala usiniulize nina nini moyoni. Hilo sitakuambia tena.

Mwatumu binti Jumbe