Kamba ya Masomo ya Sifa

Bukavu, Kadutu

Papa wangu mupendwa,

Jambo sana kwako na kwa maman. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na maman, kile kikohozi cha mvua kilimwacha? Shofere wa kamio anayekuletea barua hii anasema barabara imekatika tena karibu na Mwenga, kwa hiyo sijui utaisoma siku gani. Siye hapa tuko wazima mu mwili. Mu roho, hapana.

Papa, niko na woga. Kisha siku tano Sifa anaingia mu egzame ya Leta, mutihani wa serikali, mara ya pili, na sisi wote tunajua kama ule mutu anayeuzisha dhahabu kule Kamituga ameisha kuleta mbuzi zake za mahari kwako. Anangojea tu asikie mudogo wangu ameanguka, amuoe. Tangu barua yako ya zile mbuzi ilifika, Sifa hakuli muzuri.

Mwaka jana alipoanguka, mulisema ni uvivu. Hapana, Papa. Mimi ni yaya yake, dada yake mukubwa, tena ni muwalimu wake wa biolojia, tunalala mu chumba kimoja, ninamujua. Sifa anajua kaye yake yote, daftari lake la masomo, kwa kichwa. Lakini anaijua kama wimbo: ukimuuliza jambo la katikati ya ukurasa, lazima arudi kwa mustari wa kwanza, aimbe polepole mupaka afike pale. Kalasi yote iko vile. Asubuhi utawakuta wanazunguka kiwanja, kaye mukononi, midomo inacheza kama ya watu wanaosali rozari. Na egzame ya Leta haingojei mutu amalize wimbo. Mwaka jana kengele ililia Sifa akiwa bado kwa swali la kumi na mbili.

Njo pale nilikumbuka mutanga, ile kamba uliyokuwa unatanda kwa nyumba ya wanaume: hapa unyoya, kule kipande cha kibuyu, kila kitu na methali yake. Ulikuwa unagusa popote unapotaka, na kijana alipaswa kuisema pale pale. Nisamehe, najua si mambo ya wanamuke. Mimi na Sifa tulikuwa tunasikiliza kwa inje, tukijifanya tunachambua majani ya sombe.

Basi nilitanda kamba yangu mu kalasi. Mbegu ya maharagi, unyoya wa kuku, mufupa wa samaki, ganda la yai, kila kitu somo moja. Kaye zote zinabaki kwa meza yangu, zimefungwa. Ninagusa kitu, ninaita jina, mutoto anasema. Akikwama, ninamwambia, “Tafuta kwanza.” Anaandika kile anachokumbuka, nyuma anafungua kaye aone nini ilimuponyoka. Somo la leo tunaligusa kesho, tena kisha siku tatu, tena kisha juma, pale linapoanza kupotea. Siku za kwanza walilalamika, eh! “Muwalimu, unatutesa! Tulikuwa tunajua!” Nikawajibu: ni kaye njo inajua, na kaye haitaingia mu egzame.

Nyuma ya siku chache mama mumoja wa kikundi cha sala alipita kwa dirisha, akaona unyoya. Yesu wangu! Alikimbia kwa prefe wa masomo, mukubwa wa shule: muwalimu Wabiwa anafundisha watoto fetishi, mambo ya uchawi. Na prefe wetu, yeye ambaye kila asubuhi mbele ya bendera anatuhubiria turudilie desturi za mababu, alikuja mwenyewe na mukasi, akaikata kamba. Nilishindwa kunyamaza. “Sitwayen prefe, desturi gani sasa?” Akasema nitaandika barua ya kujieleza, na kama kalasi yangu itaanguka, kiti changu kitapata mutu mwingine.

Lakini kiti hakinitishi vile. Siku ile kamba ilikatwa, nilimuuliza Sifa namna mbegu inaota. Aliangalia ukuta mutupu. “Yaya, imetoka yote,” alisema, akaanza kulia. Nikajisema: Wabiwa, umemuondoa kwa kaye, ukamufunga kwa kamba.

Kumbe haikuwa kamba. Jana, tukitoka soko, aliniambia: “Yaya, wakati ninatafuta jibu, ninaona tu mbuzi za ule mutu.” Papa, nimefundisha njia zote ninazojua za kukumbuka. Dawa ya woga ule sina.

Unisalimie maman sana. Unisalimie tonton Itongwa, mudogo wako anayepiga ngoma kanisani, na bibi Wakenge aliyenifundisha kusuka vikapu. Yaya Mapendo aniambie kama mutoto wake ameanza kutembea.

Kuko neno moja limebaki. Jana pale njiani nilimwambia Sifa kwamba umeniandikia barua nyingine: kwamba umerudisha mbuzi, na hata akianguka, atarudi masomo. Alisimama katikati ya watu. “Papa alisema vile?” Nikasema ndiyo. Leo nilimuuliza hapa na pale, somo la mwisho, la katikati, la mwaka jana. Alinijibu pale pale, kaye imefungwa, tena akacheka.

Papa, ile barua haiko. Ninapiga magoti, uiandike.

Mutoto wako asiyekudanganya wewe,
Wabiwa