Kombi Isiyotaka Maji

Lanet, Nakuru
10 Juni 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Waithaka,

Hujambo Baba? Mama hajambo? Na lile goti lako la kushoto, bado linaitangulia redio kutabiri mvua? Huku kwangu sote tu wazima. Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Nimekupigia mara tatu, na kila mara nikaishia kuuliza habari za ng'ombe.

Habari kubwa ni lile gari lako, Kombi. Baba, inapendeza! Tangu uliponiachia mwezi wa nne, nikawafukuza kuku wa Mama waliokuwa wakitagia kwenye kitanda cha nyuma, silali vizuri kwa furaha. Paa linainuka kama zamani. Jiko la gesi linawaka. Hata yale mapazia ya maua aliyoyashona Mama nimeyafua na kuyarudisha madirishani. Kilichobaki ni injini tu, na hapo ndipo Nakuru nzima imekuwa na maoni.

Sitati, fundi wangu wa Industrial Area, anasema nisipoteze muda, nitie injini ya Subaru. Alinipakia kwenye Kombi ya mteja wake aliyoifanyia hivyo, tukapanda kutoka Mbaruk kuelekea Gilgil, na naapa Baba, tulipita malori kama yameegeshwa. Nilipiga kelele kama mtoto. Wewe unakumbuka tulivyokuwa tukipanda pale: gia ya pili, Mama akiomba kimoyomoyo, na watu wa baiskeli wakitupungia mkono wakitupita. Shida ni kwamba Subaru hupozwa kwa maji, na injini ya Kombi hupozwa kwa upepo. Itabidi kufunga rejeta ya kupozea maji chini ya gari, kupitisha mipira mirefu ya maji, na kukata chuma hapa na pale. Na kile kikohozi chake, tulichokuwa tukikisikia ukiwa bado kwenye kona ya posho mill, pale pa kusagia unga, kitapotea kabisa.

Njia ya pili ni kuijenga upya injini ile ile ya zamani: pistoni mpya, beringi mpya, kabureta mbili badala ya moja. Haitakimbia sana lakini itabaki Kombi. Jumatatu nilikuwa wa Subaru, Jumatano nikawa wa zamani, Ijumaa nikaota nimeziweka zote mbili. Mwishowe Sitati akasema kabla ya kuamua ni lazima ile ya zamani ifunguliwe na mtu anayeijua, na Nakuru hii amebaki mmoja tu.

Unamjua. Uliponipa ufunguo ulisema nifanye nitakavyo, ila nisiipeleke kwa Gurbachan. Nimeipeleka, Baba. Nisamehe, lakini endelea kusoma.

Siku hizi ni mzee kabisa, ndevu nyeupe pe. Hukaa kwenye kiti mlangoni mwa gereji, spana mkononi, akiwagombeza mafundi wake. Kombi ilipoingia ikivutwa aliinuka, akaigongagonga ubavuni, akauliza Mwalimu yuko wapi. Hakuuliza mimi ni nani. Aliifungua injini kwa mikono yake mwenyewe, akakuta beringi zimelika na kutu imejaa ndani. Nilimwuliza kama inaweza kupona, akasema inaweza. Kisha akanitazama, akaniuliza polepole kama bado nina tabia ya kuangalia maji kabla ya safari.

Sasa nisikilize, Baba. Ile Desemba ya 1999, tulipokuwa tunaenda Longonot kwa nyanya yangu, Shosho, Kombi ikatufia Kikopey na Shosho akatungoja bure na mbuzi keshachinjwa, Gurbachan hakuwa amesahau kukaza nati ya oili kama unavyoamini. Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Kila dereva niliyemsikia alisema gari ni maji na oili, na kila safari tuliona malori yamesimama mlimani yakinyweshwa kwa mitungi. Asubuhi ile, ulipokuwa ukifunga mizigo juu ya gari, nilitaka uone nilivyo mkubwa. Niliizunguka Kombi nikitafuta pa kutia maji, nikakosa. Nikaona kifuniko huko nyuma kwenye injini, nikamimina birika zima. Kilikuwa cha oili.

Gurbachan ameniambia kwamba tulipovutwa hadi kwake na akaimwaga ile oili, ilitoka kama chai ya maziwa. Kombi haina maji popote, kwa hivyo alijua kuna mtu aliyeyatia. Kisha akaniona nikilia kuliko wote, akajua ni nani. Akakuambia ni kosa lake, kwa kuwa alikuwa ameihudumia jana yake, na kwa kuwa, anasema, hakutaka mtoto aliyejaribu kusaidia achapwe wakati wa Krismasi. Wewe ukamwita mzembe mbele ya wafanyakazi wake, ukaivuta Kombi nyumbani bila kutengenezwa. Na mlikuwa mkinywa chai pamoja kila Jumamosi! Miaka ishirini na mitano hamsalimiani, na mimi nimenyamaza miaka hiyo yote, kwanza kwa kuogopa kiboko, kisha kwa aibu.

Nimemwomba msamaha. Alicheka, akasema injini ni chuma tu. Lakini nilipomwomba anichagulie kati ya Subaru na ya zamani alikataa katakata. Gari ni la Mwalimu, anasema, na hataingiza injini yoyote mpaka Mwalimu asimame pale gerejini aseme ni ipi. Amekwisha kuweka kiti cha pili mlangoni.

Kwa hivyo Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuja Njoro kukuchukua. Kura yangu ni Subaru: angalau itakuwa na mahali pa kutia maji. Kama una hasira, zote ni zangu, nitazipokea njiani. Lakini uje, Baba. Kombi ikipona tutaimalizia ile safari ya Longonot, mimi na Mama tukikaa nyuma, na Gurbachan mbele, kando yako.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na umwambie kuku wake watafute nyumba nyingine.

Ni mimi, yule unayemwita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yako,

Wachuka